Kolesteroli Iliyochacha: Namna Inavyosimama Juu ya Maji

Unga wa kolesteroli haumwambii mtu umri wake. Ulionunuliwa juzi na uliokaa rafuni miaka mitano, chupa ikifunguliwa na kufungwa kila mtu alipohitaji kidogo, yote ni unga mweupe, na kibandiko kina jina lilelile. Kwa miongo mingi watafiti walikiamini kibandiko hicho. Mwaka 1913, mjini St Petersburg, Nikolai Anichkov na wenzake waliwalisha sungura kolesteroli iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na mishipa ya sungura wale ikajaa mabaka ya mafuta yanayofanana na yale ya wagonjwa wa moyo. Jaribio hilo likawa msingi wa karne nzima ya utafiti wa ateri. Kuhusu kilichomo ndani ya chupa, ukiacha kolesteroli yenyewe, wachache walihangaika kuuliza.

Swali lilikuja kuulizwa baadaye sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Andrew Kandutsch na Harry Chen wa Maabara ya Jackson, jimboni Maine, Marekani, walikuwa wakichunguza namna seli zinavyopunguza kutengeneza kolesteroli zinapokuwa nayo ya kutosha. Seli za panya zilizopewa kolesteroli ya kawaida zilipunguza uzalishaji, kama ilivyotarajiwa. Lakini kolesteroli ileile iliposafishwa kwanza, athari hiyo ilififia. Kumbe kazi ilikuwa ikifanywa na uchafu: molekuli chache za kolesteroli zilizokwisha kushikwa na oksijeni. Mwaka 1976 kundi jingine la watafiti, huko Albany, New York, lilikusanya uchafu wa aina hiyo kutoka kwenye kolesteroli ya zamani na kuwapa sungura. Ndani ya saa 24 seli za misuli katika kuta za mshipa wao mkuu zilionekana zikifa kwa wingi, ilhali kolesteroli iliyosafishwa haikuleta madhara ya haraka namna hiyo.

Wapo waliodandia habari hizi na kutangaza kwamba kolesteroli haina neno, mwenye makosa ni oksijeni peke yake. Hilo si kweli. Ushahidi dhidi ya LDL, yaani chembe zinazosafirisha kolesteroli, zinapokuwa nyingi kwenye damu umetoka pande nyingi mno, kuanzia jeni hadi dawa, na hautikiswi na chupa chakavu. Kinachonivutia mimi ni jambo jingine. Molekuli ya kolesteroli ina atomi 74: kaboni 27, haidrojeni 46 na oksijeni 1. Ichomeke oksijeni moja zaidi na tabia yake inabadilika kiasi cha seli kuitambua mara moja. Tena haibadiliki kwa namna moja: oksijeni ikikaa kwenye kiwiliwili cha molekuli tunapata kiumbe kimoja, ikikaa mkiani tunapata kingine kabisa. Ukitaka kuiona tofauti hiyo waziwazi, mahali pazuri pa kuanzia ni juu ya uso wa maji.

Kwanza tuitazame molekuli yenyewe. Kichwani kuna kikundi kimoja kidogo cha haidroksili, yaani oksijeni iliyoshikana na haidrojeni, kilichopachikwa kwenye kaboni ya 3. Sehemu inayopenda maji ni hiyo tu. Kinachofuata ni kiwiliwili: pete nne za kaboni zilizoungana ubavu kwa ubavu, ngumu, zisizopinda, upande mmoja bapa na upande wa pili umetokeza vikundi viwili vya methili. Mwishoni kuna mkia mfupi wa kaboni nane unaochezacheza. Pete na mkia vyote havitaki maji. Molekuli ya namna hii ukiiweka majini haina pa kukaa kwa raha isipokuwa usoni, kichwa kikigusa maji na mwili uliobaki ukielekea hewani.

Mtu wa kwanza kuubana uso wa maji na kuupima kwa utaratibu unaotumika hadi leo hakuwa na maabara wala shahada. Agnes Pockels, aliyezaliwa 1862, aliishi Braunschweig, Ujerumani, akiwauguza wazazi wake, wakati ambapo vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wanawake. Alichukua hodhi la bati, akalijaza maji hadi ukingoni, akalaza ukanda wa bati juu yake ili kwa kuusogeza aweze kupunguza au kuongeza eneo la uso, kisha akapima kwa mizani ndogo nguvu inayohitajika kukinyanyua kitufe kilichogusa maji. Januari 1891 alimwandikia mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, barua kwa Kijerumani. Rayleigh, kwa sifa yake, hakuikalia. Aliipeleka kwenye jarida la Nature, ikachapishwa Machi mwaka uleule. Irving Langmuir wa General Electric aliliboresha hodhi hilo, na katika makala yake ya 1917 akaonyesha kwamba molekuli za mafuta hujipanga juu ya maji katika safu moja tu, vichwa chini, mikia juu. Langmuir alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932. Mwaka huohuo chuo kikuu cha ufundi cha Braunschweig kilimtunukia Pockels, akiwa na miaka 70, shahada ya heshima ya udaktari. Hodhi linaitwa kwa jina la Langmuir hadi leo. Naona lingebeba majina mawili bila taabu.

Hodhi la siku hizi huchongwa kwa Teflon na huwa na kina kidogo sana. Maji yake husafishwa hatua kwa hatua, kisha uso wake hufyonzwa kwa mrija mwembamba ili kuondoa vumbi na mafuta ya vidole, maana alama ya kidole kimoja inatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Kolesteroli huyeyushwa katika klorofomu. Mtafiti huivuta kwenye bomba dogo la kioo lenye sindano nyembamba, akaishusha ncha hadi ikaribie kugusa maji, akadondosha tone moja, akangoja, akadondosha jingine mahali tofauti. Kila tone hutanuka na kupotea machoni papo hapo. Anasubiri dakika kumi hivi klorofomu ipae. Kinachobaki ni tabaka lenye unene wa molekuli moja, chini ya nanomita mbili, ambalo jicho haliwezi kuliona.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo cha kushangaza. Hodhi lenye uso wa sentimita za mraba 200 hufunikwa lote kwa mikrogramu 34 hivi za kolesteroli, yaani sehemu 34 za gramu iliyogawanywa mara milioni. Kwa hesabu hiyohiyo, gramu 12 zingetosha kutandaza safu ya molekuli moja juu ya uwanja mzima wa mpira wa miguu.

Baada ya hapo vizuizi viwili husogezwa polepole kutoka pembeni kuelekea katikati. Kibati chembamba cha platini, au kipande cha karatasi ya kuchujia, huning'inizwa kwenye mizani nyepesi huku ukingo wake wa chini ukigusa maji, nacho hupima mvutano wa uso. Maji safi kwa nyuzi 20 za Selsiasi yana mvutano wa milinyutoni 72.8 kwa mita. Tabaka likibanwa, mvutano huo hushuka, na kiasi ulichoshuka ndicho kinachoitwa shinikizo la uso. Kompyuta huchora mchoro: upande mmoja eneo ambalo kila molekuli imebakiwa nalo, upande wa pili shinikizo. Mchoro huo mmoja husema mengi. Huonyesha kama molekuli zimesimama au zimelala, kama ni laini au ngumu, na ni wakati gani zinashindwa kuvumilia na kurundikana.

Mchoro wa kolesteroli safi unajulikana na kila aliyewahi kuishika kazi hii. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Vizuizi vinasogea, shinikizo liko sifuri. Eneo linapofika karibu na nanomita ya mraba 0.4 kwa molekuli, mstari unapanda ghafla, karibu wima, hadi milinyutoni 40 na ushei kwa mita, kisha tabaka linavunjika. Maana yake ni kwamba molekuli zilikuwa zimekwisha kusimama na kujikusanya katika visiwa tangu mwanzo. Vizuizi vilikuwa vikisogeza visiwa hivyo tu. Vilipogusana, hakukuwa na nafasi ya kubonyea. Tabaka la kolesteroli ni gumu kuliko matabaka mengi ya mafuta ya mwilini.

Jambo la ajabu zaidi huonekana kolesteroli inapochanganywa na fosfolipidi, yale mafuta yenye mikia miwili ambayo ndiyo mwili mkuu wa utando wa seli. Fosfolipidi ya kawaida yenye mkia mmoja uliopinda huchukua takriban nanomita ya mraba 0.65 chini ya shinikizo la milinyutoni 30 kwa mita, shinikizo ambalo wengi hulichukulia kuwa karibu na hali ya utando halisi. Kolesteroli huchukua 0.38 hivi. Ukichanganya nusu kwa nusu ungetarajia wastani wa takriban 0.52. Hupati hivyo, eneo hushuka chini ya wastani huo, na kwa kiasi kisichohitaji darubini kukiona. J. B. Leathes wa Uingereza alilieleza jambo hili mwaka 1925, mwaka uleule ambao Gorter na Grendel, huko Leiden, walitandaza mafuta ya chembe nyekundu za damu juu ya maji na kukuta yanafunika eneo mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Kutokana na hesabu hiyo walikata shauri kwamba utando wa seli ni tabaka mbili zilizogeuziana migongo.

Kwa nini kolesteroli huwabana wenzake? Pete zake ngumu husimama kando ya mikia ya fosfolipidi iliyokuwa ikijipindapinda, na mikia hiyo hulazimika kunyooka. Mkia ulionyooka hula nafasi ndogo. Pia kichwa cha kolesteroli ni kidogo mno kuweza kuukinga mwili wake na maji, kwa hiyo hujificha chini ya kichwa kikubwa cha fosfolipidi jirani, ambacho hufanya kazi ya mwavuli wa watu wawili. Ili mwavuli mmoja uwatoshe wote wawili, sharti wasogeleane. Haya yote yanawezekana kwa sharti moja: kolesteroli iwe na sehemu moja tu inayopenda maji, na sehemu hiyo iwe nchani kabisa.

Oksijeni ya pili inapoingia, sharti hilo linavunjika.

Njia za kuingia ni mbili. Ya kwanza haina mpangilio. Kati ya kaboni ya 5 na ya 6 kolesteroli ina kifungo maradufu, nacho huilegeza haidrojeni iliyopo jirani, kwenye kaboni ya 7. Radikali huria, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza, ikipita hapo huing'oa haidrojeni hiyo kwa wepesi, oksijeni ya hewani huchukua nafasi, na baada ya hatua mbili tatu tunapata 7-haidroksikolesteroli au 7-ketokolesteroli. Njia ya pili ni ya mwili wenyewe. Una vimeng'enya vinavyopachika haidroksili mkiani kwa makusudi, kwenye kaboni ya 24, 25 au 27. Mpaka kati ya njia hizi mbili hauko wazi kabisa: Leland Smith wa Texas, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuchambua kolesteroli iliyoharibika na kuandika kitabu kizima juu yake mwaka 1981, alionyesha kwamba fuwele kavu za kolesteroli zikiachwa hewani huweza kushikwa na oksijeni kwenye kaboni ya 25 pia. Huo ndio uchafu wa chupa ya zamani.

Tuanze na 7-ketokolesteroli. Juu ya maji bado inasimama, maana haidroksili ya kaboni ya 3 na oksijeni ya kaboni ya 7 ziko nusu ile ile ya molekuli. Ila sasa kuna sehemu mbili zinazoutafuta uso wa maji, na ya pili iko ubavuni, juu kidogo ya kichwa. Molekuli hujiinamisha ili zote mbili zipate maji. Kuinama huko kunagharimu nafasi. Mstari wa mchoro huanza kupanda mapema na haupandi kwa ukali ule wa kolesteroli. Tabaka linabonyea zaidi. Ikichanganywa na fosfolipidi, 7-ketokolesteroli huibana mikia, lakini kwa nguvu pungufu: kiwiliwili kilichoinama hakiwezi kunyoosha mkia wa jirani sawasawa na kilichosimama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jagiellonian, Kraków, nchini Poland, wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka kadhaa, wakitengeneza juu ya maji michanganyiko inayokaribia mafuta ya utando wa seli za neva, kisha wakiitoa kolesteroli kidogokidogo na kuingiza 7-ketokolesteroli mahali pake. Kazi ya namna hiyo haina umaarufu magazetini. Inahitaji uvumilivu, maana nukta moja kwenye mchoro wa mwisho ni tabaka jipya, maji mapya, hodhi lililosuguliwa upya.

Wenye 25-haidroksikolesteroli hukutana na jambo tofauti tangu vizuizi vinapoanza kusogea. Hapa haidroksili moja iko kichwani na nyingine iko karibu na ncha ya mkia, pande mbili za molekuli zinazotazamana kwa mbali. Nafasi ikiwa tele, molekuli hulala, ncha zote mbili zikigusa maji na kiwiliwili kikikaa bapa juu ya uso. Molekuli iliyolala huchukua zaidi ya mara mbili ya eneo la iliyosimama, kwa hiyo shinikizo huanza kuhisika wakati kolesteroli ya kawaida ingali kimya. Ukiendelea kubana, inafika mahali ncha moja hulazimika kuachia maji na molekuli kusimama. Kusimama huko kuna gharama ya nishati, kwa sababu haidroksili iliyoinuliwa hewani imenyang'anywa maji iliyokuwa ikishikana nayo. Legeza vizuizi na molekuli hulala tena.

Sasa fikiria molekuli hiyo iko ndani ya utando wa seli, penye tabaka mbili. Katikati ya tabaka hizo hakuna maji. Ni mafuta matupu. Haidroksili ya mkiani ikibaki pale inakuwa ugenini, na njia zake za kujinusuru ni chache: kuilaza molekuli karibu na uso, kuivusha upande wa pili ambako kuna maji mengine, au kuitoa kabisa kwenye utando. Makundi ya utafiti ya Finland na ya Prague, yakichanganya vipimo vya maabara na hesabu za kompyuta zinazofuatilia kila atomi, yamekuta kwamba oksisteroli, yaani kolesteroli zilizoongezewa oksijeni, zenye oksijeni hiyo mkiani hukaa katika utando kwa zaidi ya mkao mmoja na huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa wepesi, ilhali zile zenye oksijeni kwenye pete hubaki zimesimama kwa mwinamo, karibu na mkao wa kolesteroli.

Kutoka kwenye utando ndiko kunakoleta mambo. Kolesteroli ya kawaida haina haraka. Ikiachwa ihame yenyewe kutoka vilengelenge vya mafuta kwenda vingine, nusu yake huchukua muda wa saa moja au zaidi. Vipimo vilivyofanywa kwa chembe nyekundu za damu viliikuta 25-haidroksikolesteroli ikihama kwa kasi ya takriban mara 2,000 ya hiyo. Atomi moja ya oksijeni ndiyo iliyoleta tofauti yote hiyo. Mwili umeitumia nafasi hii kwa akili sana, na mfano ulio bora kuliko yote uko kichwani mwetu.

Ubongo una uzito wa karibu asilimia 2 ya mwili, lakini umebeba kati ya moja ya tano na robo ya kolesteroli yote tuliyo nayo, nyingi ikiwa katika kifuniko cha nyuzi za neva. Kolesteroli hiyo hutengenezwa humohumo, maana kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo hakiiruhusu kupita. Isingekuwa na mlango wa kutokea, ingejaa. Katika miaka ya 1990 Ingemar Björkhem na wenzake wa Karolinska, Stockholm, walionyesha mlango huo: kimeng'enya kilichomo katika seli za neva hupachika haidroksili kwenye kaboni ya 24, na molekuli iliyopata oksijeni hiyo mkiani hupenya kizuizi na kuingia kwenye damu, ikaishia kwenye ini. Kwa mtu mzima hutoka hivyo miligramu 6 hadi 7 kila siku. Kutoka upande wa damu nako, 27-haidroksikolesteroli huingia ubongoni kwa njia hiyohiyo ya kupenya tando. Ukilitazama hodhi la maji huku ukilikumbuka hili, unaelewa kwa nini mwili haukuchagua kaboni ya 7 kwa kazi hiyo. Molekuli iliyoinama kidogo ingebaki ndani ya utando.

25-haidroksikolesteroli ina kazi nyingine iliyogunduliwa karibuni zaidi. Seli iliyovamiwa na virusi hutoa interferoni, protini za kutahadharisha, na interferoni huwasha jeni ya kimeng'enya kinachoitengeneza. Mwaka 2013 tafiti za Marekani na Uingereza zilionyesha kwamba molekuli hii huzuia aina nyingi za virusi, na kwa virusi vyenye ngozi ya mafuta ilionekana kukwamisha ile hatua ambayo ngozi hiyo huungana na utando wa seli. Sehemu ya maelezo ni namna inavyouvuruga mpangilio wa kolesteroli iliyomo kwenye utando. Sehemu tu. Kuna protini ziitwazo Insig ambazo hushikana na 25-haidroksikolesteroli moja kwa moja na kuzima utengenezaji wa kolesteroli, na hilo ndilo Kandutsch na Chen walikuwa wakiliona bila kuijua protini yenyewe. Ni rahisi mtu wa hodhi kuona kila kitu kuwa suala la kusimama na kulala. Protini hazijali sana tabaka la maji linasema nini. Zinapima umbo la molekuli kwa mfuko wao zenyewe.

Hodhi lina mipaka mingine. Tabaka moja juu ya maji ni nusu ya utando, tena nusu isiyo na protini, iliyotulia, isiyo na mkondo wa damu unaopita. Hewa iliyo juu yake si mafuta ya tabaka la pili. Na kuna usumbufu mmoja ambao wageni wa kazi hii huutambua wakichelewa: hewa hiyohiyo ina oksijeni. Kolesteroli iliyotandazwa katika safu moja imejianika yote, haina mahali pa kujificha ndani ya fuwele, na ikiachwa juu ya maji kwa saa kadhaa huanza kuharibika yenyewe. Ozoni kidogo iliyomo kwenye hewa ya chumba huzidisha. Mtafiti anayedhani anapima kolesteroli safi jioni anaweza kuwa anapima mchanganyiko. Ndiyo sababu hodhi hufunikwa na kupitishiwa naitrojeni au agoni, na kolesteroli yenyewe huhifadhiwa gizani kwenye friza katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja. Tangu 1991 kumekuwa na darubini inayotazama uso wa maji kwa pembe ambayo maji yenyewe hayaakisi mwanga wa aina fulani, hivyo tabaka pekee ndilo linaloonekana. Kwayo mtu huweza kuona visiwa vikibadilika umbo mbele ya macho yake na kujua mapema kwamba kuna kisichokuwa sawa.

Katika mabaka ya mafuta yanayotolewa kwenye ateri za wagonjwa, oksisteroli zinazopatikana kwa wingi kuliko nyingine ni 27-haidroksikolesteroli na 7-ketokolesteroli: moja kazi ya kimeng'enya, moja kazi ya radikali huria. Ya kwanza inaweza kuondoka, na inaaminika kuwa seli zinazokula mafuta huitumia kupunguza mzigo wao. Ya pili ni sumu kwa seli nyingi zinazokuzwa maabara, na haina wepesi ule wa kuhama.

Msomaji wa pwani pengine amekwisha kuanza kuufikiria mtungi wa samli. Ana haki. Mwaka 1987 daktari wa Marekani, Marc Jacobson, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya samli ya Kihindi: asilimia 12.3 ya steroli zake zilikuwa zimeshikwa na oksijeni, wakati siagi mbichi haikuonyesha kitu hicho. Alipendekeza kwamba huenda hilo linaeleza kwa nini wahamiaji wa Kihindi waliugua moyo kuliko ilivyotarajiwa. Lilikuwa pendekezo, na limebaki pendekezo. Wahamiaji hao walikuwa na sababu nyingine nyingi za kuugua, kisukari kikiwa mojawapo. Kiasi cha oksisteroli katika samli hutegemea sana ilivyotengenezwa na inavyotumiwa: moto mkali wa muda mrefu, kukaangia mara kwa mara mafuta yaleyale, chombo kinachokaa wazi kwenye mwanga. Vivyo hivyo kwa mayai ya unga na samaki wa mafuta waliokaushwa juani, ambao hupata joto, mwanga na hewa kwa pamoja, eneo lao lote likiwa limefunuliwa. Tukila vitu hivi utumbo hunyonya sehemu ya oksisteroli zake na kuziingiza kwenye damu pamoja na mafuta mengine; hilo limepimwa kwa binadamu. Kiwango ambacho kikizidi humletea mtu mzima ugonjwa hakijawekwa na yeyote, na hakitapatikana kwenye hodhi, kwa kuwa swali hilo linahitaji watu wengi wafuatiliwe kwa miaka mingi. Kwa sasa anayeyeyusha samli jikoni kwa ajili ya biriani anaweza kufanya lile ambalo wa maabara hulifanya kwa friza na agoni: atengeneze kidogokidogo, aifunike, aiweke mbali na dirisha, na iliyokwisha kukaangia asiirudishe mtungini.